Beji yangu imesoma milisivati 3.1: mwili wangu umepokea kiasi hicho?

"Mimi ni mpiga picha za eksirei katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Tuko wawili, na tunahudumia wagonjwa kama 40 kwa siku. Ripoti ya beji zetu za TLD, zinazopima mionzi tunayopokea kazini, ya Januari hadi Machi imefika: mwenzangu ana milisivati 0.2, mimi nina Hp(10), ya mwili, 3.1 na Hp(0.07), ya ngozi, 3.3. Miaka yote ya nyuma sijawahi kuvuka 0.3 kwa robo mwaka. Kilichobadilika ni kwamba tangu Februari naingia chumba cha upasuaji kuendesha C-arm, mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la C inayoonyesha picha wakati wa upasuaji, kama mara tatu kwa wiki. Beji naibana kwenye aproni ya madini ya risasi, kwa nje, ili nisiisahau. Nikitoka kwenye upasuaji, aproni naitundika kwenye msumari ndani ya chumba chetu cha eksirei, hatua moja na nusu kutoka meza ya mgonjwa. Mkuu wangu anasema beji ni mbovu, nisihangaike. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa kwa wingi yasafishe mionzi. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto wetu wa kwanza, na usingizi umeniruka. Je, nimeshadhurika? Mionzi hii inatoka mwilini? Niache kazi?"

Dada, pole kwa wasiwasi, na asante kwa kueleza mambo kwa undani. Ile sentensi yako kuhusu msumari ina thamani kubwa kuliko unavyodhani, nami nitairudia. Lakini niguse kwanza kinachokunyima usingizi.

Tuchukulie hali mbaya kuliko zote: kwamba milisivati 3.1 zote zimeingia mwilini mwako. Binadamu wa kawaida, asiyewahi kukanyaga chumba cha eksirei, hupokea kwa wastani wa dunia milisivati 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na kwenye gesi ya radoni anayovuta. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni milisivati 20 kwa mwaka, wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Seli za damu huanza kuonyesha mabadiliko ya kuonekana maabara kwenye dozi za mamia ya milisivati zilizopokewa kwa mkupuo. Kwa hiyo kipimo cha damu hakiwezi kukuambia chochote kuhusu 3.1, na ukipimwa damu kesho ukakutwa na upungufu, tafuta sababu nyingine: malaria, minyoo, madini ya chuma. Hatari inayobaki ni ya saratani ya baadaye. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, katika mapendekezo yake ya mwaka 2007 ilikadiria madhara ya saratani kwa wafanyakazi watu wazima kuwa asilimia 4.1 kwa kila sivati moja, yaani milisivati 1,000. Piga hesabu: 3.1 za milisivati zinatoa takriban watu 13 katika kila 100,000. Ni hatari ndogo, inayokaa juu ya saratani ambazo watu huzipata kwa sababu nyingine na ambazo ni nyingi mno kuilinganisha. Sitakuambia ni sifuri, kwa sababu kinga ya mionzi yote imejengwa juu ya dhana kwamba kila dozi ina hatari yake, hata iwe ndogo vipi.

Kwa hiyo hujaungua, na hakuna sababu ya kuacha kazi. Ila mkuu wako naye amekosea kusema usihangaike. Namba iliyopanda zaidi ya mara kumi ina sababu, na sababu hiyo ikiachwa, robo nne zitafika 12.4. Hiyo iko chini ya kikomo cha sheria, lakini mpiga picha wa hospitali ya wilaya hana kazi inayodai dozi ya namna hiyo. Lazima ichunguzwe.

Sasa maziwa. Ushauri huu umezunguka vyumba vya eksirei vya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na wanaoutoa wana nia njema. Eksirei ni mwanga usioonekana. Ukizima tochi, hakuna mwanga unaobaki ukutani wa kufuta kwa kitambaa. Ukiachia kitufe cha mashine, hakuna eksirei inayobaki hewani, kwenye nguo wala tumboni. Kilichopita kimepita, na kilichogusa seli kimeshagusa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Hakuna cha kusafisha. Kunywa maziwa kwa ajili ya mifupa yako, ni chakula kizuri. Kuna hali ambapo kitu chenye mionzi huingia mwilini kweli: iodini-131 kwa wanaohudumia wagonjwa wa tezi, vumbi la urani mgodini, tritiamu kwenye vinu vya nyuklia. Huko dozi haipimwi kwa beji peke yake. Hupimwa kwa mashine inayokagua mwili mzima, kwa mkojo, na kwa kipimo kinachowekwa shingoni juu ya tezi. Na kwa kuwa tumetaja maziwa: baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, maziwa ya ng'ombe waliokula majani yaliyoangukiwa na iodini-131 ndiyo yaliyokuwa njia kuu ya kuifikisha kwenye tezi za watoto. Maziwa hayana uwezo wa kufukuza mionzi hata kidogo.

Tuje kwenye beji yenyewe, maana humo ndimo jibu lako lilimo.

Watu wengi huamini beji inakinga. Haikingi; inaandika tu. Ukiifungua utakuta kadi ndogo yenye vipande vya fuwele, mara nyingi lithiamu floraidi iliyotiwa chembe za magnesi na titani. Eksirei ikipita kwenye fuwele hung'oa elektroni mahali pake. Nyingi hurudi papo hapo, lakini baadhi hunaswa kwenye vitundu vilivyotengenezwa na zile chembe za magnesi, na humo hukaa kwa miezi zikisubiri. Beji ikifika kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, kule Arusha, kadi hupashwa moto. Joto likipanda kuelekea nyuzi 200 na zaidi, elektroni zinaachiwa, na kila inaporudi nyumbani kwake mwanga hafifu hutoka. Mrija unaokuza mwanga huuhesabu. Mwanga mwingi, dozi nyingi. Fuwele hii ilichaguliwa kwa sababu inanyonya mionzi karibu sawa na nyama ya mwili, kwa hiyo haihitaji kusahihishwa sana kila nguvu ya eksirei inapobadilika.

Zile namba mbili kwenye ripoti zinatoka kwenye vipande viwili tofauti. Kimoja kimefunikwa kwa plastiki nene na hukadiria dozi kwenye kina cha milimita 10 ndani ya mwili: hiyo ni Hp(10), inayotumika kukadiria dozi ya mwili mzima. Kingine kina kifuniko chembamba sana na hukadiria dozi ya ngozi kwenye kina cha milimita 0.07. Zikikaribiana kama zako, 3.1 na 3.3, maana yake beji ilipigwa na mionzi yenye uwezo wa kupenya, kama inavyotarajiwa kwa eksirei za hospitali zinazotawanyika kutoka kwa mgonjwa. Ngozi ingekuwa 9 na mwili 0.2, ningeanza kuuliza juu ya dawa zenye mionzi zilizomwagikia beji. Kwako hilo halipo.

Sasa neno muhimu: mashine ya kusomea haijui beji ilikuwa wapi. Haijui kama ilikuwa kifuani pako, ndani ya droo, au msumarini. Inachukulia kwamba ilivaliwa. Hata urekebishaji wake hufanywa beji ikiwa imebandikwa mbele ya kiboksi cha maji chenye upana wa sentimita 30 kwa 30 na unene wa 15, kinachosimama badala ya kifua cha mtu, kwa sababu mwili hurudisha sehemu ya mionzi nyuma kwenye beji. Kwa hiyo 3.1 ni kauli kuhusu beji. Ili iwe kauli kuhusu wewe, lazima tujue beji ilikaa wapi kila saa ya miezi ile mitatu. Umetupa sehemu mbili: nje ya aproni, na msumarini.

Tuanze na nje ya aproni. Aproni yenye risasi ya milimita 0.5 hupitisha asilimia chache tu, mara nyingi chini ya tano, ya mionzi inayotawanyika katika chumba cha upasuaji. Beji iliyo nje inapokea yote. Kifua, tumbo na matiti yako vilivyo ndani vinapokea kipande kidogo. Ndiyo maana beji ya nje ya kola ikitumika peke yake, Baraza la Marekani la Kinga ya Mionzi, NCRP, lilipendekeza usomaji ugawanywe kwa 21 ili kupata dozi ya mwili mzima ya mtu aliyevaa aproni. Milisivati 3.1 gawanya kwa 21 ni takriban 0.15. Hiyo ni dozi yako ya zamani ya kawaida. Tahadhari moja: hesabu hii ni halali kwa muda uliovaa aproni tu. Kama kuna siku ulipiga picha bila aproni nje ya ukuta wa kujikinga, sehemu hiyo haigawanywi.

Je, C-arm inaweza kweli kutoa 3.1 kwa miezi miwili? Inaweza. Kanuni ya kichwani ni kwamba mita moja kutoka kwa mgonjwa, mionzi inayotawanyika ni kama sehemu moja ya elfu ya ile inayoingia ngozini mwake. Tuseme mgonjwa wa nyonga anapokea miligrei 10 kwa dakika (kwa eksirei, miligrei moja ni karibu sawa na milisivati moja). Mita moja kutoka kwake utapokea kama milisivati 0.01 kwa dakika. Ukisogea hadi nusu mita, kama wengi wafanyavyo wakisaidia kushika mguu, inakuwa mara nne: 0.04. Upasuaji mmoja wenye dakika tatu za mionzi unakupa 0.12. Mara tatu kwa wiki kwa wiki nane ni upasuaji 24, na jumla inafika karibu 2.9. Nimezichagua namba hizi kama mfano. Zako utazipata kwenye daftari la C-arm, mashine nyingi huandika dakika za mionzi kwa kila mgonjwa. Lakini unaona kwamba 3.1 haihitaji muujiza wala beji mbovu.

Halafu msumari. Siku yenye picha 30 za kifua na 10 za uti wa mgongo, tumbo na nyonga hutawanya, kwa umbali wa mita moja, kama maikrosivati 30 hadi 40 (maikrosivati elfu moja ni milisivati moja), na sehemu kubwa inatoka kwenye zile 10. Aproni iliyotundikwa hapo na beji nje yake inapokea hiyo siku nzima wewe ukiwa salama nyuma ya kioo cha risasi. Siku 40 za kazi, tayari una zaidi ya milisivati moja ambayo haijawahi kukugusa. Msumari ukiwa upande wa stendi ya kifua, ambako miali ya moja kwa moja inaelekezwa, hali ni mbaya zaidi.

Kwa mtazamo wangu, 3.1 yako ni mchanganyiko wa vyote viwili, na dozi halisi ya mwili wako ni sehemu ndogo yake. Nasema hivyo kwa uzito wa ushahidi ulionipa. Uthibitisho utatoka kwenye uchunguzi.

Tusiitupe hoja ya mkuu wako bila kuipima. Beji huharibika, ila kwa njia zinazojulikana. Joto kali, kama kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Dodoma mchana kutwa, huachia baadhi ya elektroni kabla ya wakati, kwa hiyo hupunguza usomaji badala ya kuuongeza. Kufuliwa na nguo kunaweza kuacha sabuni au mafuta kwenye fuwele, na uchafu huo ukipashwa moto hung'aa wenyewe na kutoa dozi ya uongo. Kadi isiyosafishwa vizuri kwa joto kabla ya kutumwa inaweza kubaki na kumbukumbu ya mtu aliyeitumia mwanzo. Yote haya yana dalili. Mashine ya kusomea huhifadhi mchoro wa mng'ao, yaani jinsi mwanga ulivyopanda na kushuka joto lilipoongezeka. Dozi ya kweli huchora kilima kikuu kinachojulikana mahali pake. Uchafu huchora kitu kisicho na umbo, mara nyingi kikiendelea kupanda kwenye joto la juu. Fuwele yenyewe haisomwi mara ya pili kwa urahisi, kwa sababu kuisoma ndiko kuifuta, lakini mchoro upo. Omba uangaliwe. Ni ombi la kawaida na maabara haitalishangaa. Beji za aina nyingine, zinazosomwa kwa mwanga badala ya joto, huruhusu kusomwa tena. Kama hospitali yako itazihamia siku moja, utakuwa na nafasi hiyo.

Na mwenzako mwenye 0.2? Usimtumie kama kipimo kabla ya kujua beji yake hukaa wapi. Iliyolala droo miezi mitatu nayo husoma vizuri sana. Uliza pia beji ya ulinganisho iko wapi, ile isiyovaliwa na mtu, inayotumwa pamoja na zenu ili mionzi ya asili ya mahali ipunguzwe kwenye usomaji wa kila mtu. Kwa robo mwaka mionzi ya asili kutoka nje ya mwili ni kama 0.2. Beji ya ulinganisho ikiwekwa ndani ya chumba cha eksirei, inapokea dozi ya kazi, na nyote mnapunguziwa kupita kiasi. Mahali pake ni ofisi iliyo mbali na mashine.

Kuna jambo moja ambalo kugawanya kwa 21 hakulitatui, nami nataka ulichukulie kwa uzito: macho. Kichwa chako hakimo ndani ya aproni. Kama sehemu kubwa ya 3.1 ilipokewa ukiwa umevaa beji nje, karibu na kola, basi lenzi ya jicho imepokea kiasi kinachokaribiana na hicho. Zamani kikomo cha lenzi kilikuwa milisivati 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 ICRP ilikishusha hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho huweza kutokea kwenye dozi ndogo kuliko ilivyofikiriwa. Mwendo wa 12 kwa mwaka kwenye jicho uko ndani ya kikomo hicho, ila kwa mpiga picha ni mwingi bila sababu. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: jinsi unavyosimama. Katika C-arm, mionzi mingi inayotawanyika hutoka upande ambao miali inaingilia kwa mgonjwa, kwa hiyo mrija wa eksirei ukae chini ya meza na kipokea picha juu, kikiwa karibu kabisa na mgonjwa. Ikiwa C-arm imelazwa kwa picha ya pembeni, simama upande wa kipokea picha, usisimame upande wa mrija. Rudi nyuma hatua moja kabla daktari hajakanyaga pedali. Kutoka nusu mita hadi mita moja unapunguza hadi robo, hadi mita mbili unabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Mwombe daktari atumie picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini badala ya kukanyaga tena, na wewe bana miali ilingane na eneo linalotakiwa tu. Kwa waliobaki karibu na meza muda wote, miwani ya risasi ina maana.

Beji nayo ivaliwe sawasawa. Ukiwa na moja tu, ivae ndani ya aproni, kifuani au kiunoni, ikitazama mbele. Kwa anayeingia chumba cha upasuaji mara tatu kwa wiki, mbili ni bora: moja ndani na nyingine nje kwenye kola, kila moja ikiwa na alama yake ili zisibadilishane. Maabara itazichanganya: nusu ya usomaji wa ndani, ongeza sehemu ya 0.025 ya usomaji wa kola. Muhimu kuliko yote ni kutobadilisha mtindo katikati ya kipindi bila kuandika, maana beji iliyokuwa ndani mwezi mmoja na nje miezi miwili haiwezi kufasiriwa na mtu yeyote. Wewe ukiwa mgonjwa na kupigwa eksirei, ivue kwanza. Na aproni ikaguliwe chini ya mashine angalau mara moja kwa mwaka. Inayokunjwa badala ya kutundikwa hupata nyufa ambazo kwa nje huzioni.

Huenda ukaambiwa ununue kipimo cha kielektroniki kinacholia. Kwenye vinu vya nyuklia, kama Koeberg kule Afrika Kusini, mfanyakazi huvaa kifaa kama hicho pamoja na beji ya kumbukumbu, na ni msaada mkubwa kwa sababu mionzi ya kule hutiririka mfululizo. Eksirei ya picha ya kawaida huja kwa mkupuo wa sehemu ndogo ya sekunde. Vifaa vingi vinavyohesabu mpigo mmoja mmoja huzidiwa hapo na kusoma pungufu. Vivyo hivyo kwa kipimo cha mkononi cha aina ya Geiger: ukikizungusha chumbani wakati wa picha moja fupi kinaweza kukuonyesha namba ndogo ya kudanganya. Mkaguzi aje na chemba ya ayoni, kipimo kinachojumlisha mionzi yote badala ya kuhesabu mpigo mmoja mmoja.

Sasa mtoto. Kwanza, dozi uliyopokea kabla ya kushika mimba haimfuati mwanao. Watoto waliozaliwa na manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo, na wazazi wao walipokea dozi kubwa mno kuliko yako. Ongezeko la magonjwa ya kurithi halikuonekana. Usiahirishe mimba kwa sababu ya ripoti hii. Pili, ukishajua umeshika mimba, mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema. Kuanzia hapo mtoto aliye tumboni anapewa ulinzi wa mwananchi wa kawaida: milisivati 1 kwa kipindi chote kilichobaki. Madhara ya maumbile kwa kijusi huanza kuhofiwa kwenye miligrei 100, kwa hiyo hiyo moja imewekwa mbali sana na ukingo. Omba beji ya ziada ya kuvaa tumboni ndani ya aproni, isomwe kila mwezi. Kumbuka pia kwamba mfuko wa uzazi uko ndani zaidi ya kina cha milimita 10, na nyama iliyo mbele yake hunyonya sehemu ya eksirei, hivyo kijusi hupokea chini ya inavyosema beji. Kuendelea kupiga picha za kawaida ukiwa nyuma ya ukuta ni salama. C-arm na kushika watoto wakati wa picha mwachie mwingine. Wala usikubali kufukuzwa au kupunguziwa mshahara. Wajibu wa mwajiri ni kurekebisha kazi.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na unahitaji mtu aje au uende. Kama tayari kuna uwezekano wa mimba na kipindi chake kinaangukia Januari hadi Machi, mwone mtaalamu wa fizikia ya tiba katika hospitali ya rufaa au zungumza na TAEC, akokotoe dozi ya kijusi kwa kufuata tarehe na kazi ulizofanya. Usikubali mtu yeyote akushauri kutoa mimba kwa namba ya 3.1. Kama mkono umewahi kuingia kwenye miali ya moja kwa moja mara nyingi na ngozi inawasha, imekuwa nyekundu au kucha zinabadilika, mwone daktari, na mweleze kazi yako. Kama uoni umefifia au taa zinakutawanyikia usiku, nenda kliniki ya macho. Na kama mlango au ukuta wa chumba haujawahi kupimwa tangu mashine ilipofungwa, ukaguzi wa mahali hauwezi kusubiri.

Wiki hii andika maelezo mafupi kupitia kwa msimamizi wa kinga ya mionzi wa hospitali: tarehe ulizoingia upasuaji na dakika za mionzi za kila mgonjwa, beji ilivaliwa wapi, aproni ilitundikwa wapi na kwa umbali gani, kama ulishika mgonjwa. Omba mambo mawili: mchoro wa mng'ao uangaliwe, na dozi ya mwili irekebishwe kwenye kumbukumbu yako kulingana na mahali beji ilipokuwa, kwani namba hiyo itakufuata kila utakapohamia. Usikubali ifutwe kimyakimya ikawekwa sifuri. Marekebisho yawe na sababu iliyoandikwa na sahihi ya anayehusika.

Kisha hamishia aproni nje ya chumba mara moja, na ule msumari uung'oe. Ila kabla ya kuung'oa, ikiwa maabara itakubali kukupa beji moja ya ziada, iache msumarini pale pale kwa robo inayofuata, huku yako ikiwa ndani ya aproni na nyingine kwenye kola. Ripoti ikirudi, beji ya msumari ikisoma 2 au zaidi nawe ndani una 0.2, utajua sehemu kubwa ya ile 3.1 ilikuwa ya ukuta. Ya msumari ikiwa ndogo na ya kola ikapanda, tatizo liko kwenye C-arm na mahali unaposimama. Na ya ndani ya aproni ikisoma zaidi ya 1, piga simu TAEC siku hiyo hiyo na usirudi chumba cha upasuaji mpaka aproni na mashine vikaguliwe.